Kiganja cha Siku ya Ukungu

Mwanamke aliyeingia chumba cha habari cha gazeti la Mwanga wa Nyanda na mwavuli wa njano mkononi hakuja kugombana, ingawa mlinzi wa getini alikwisha kumtilia shaka. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, amejitanda kitenge mabegani kwa ajili ya baridi ya Mbeya, na alisema anamtaka mpiga picha. Hakuhitaji kutaja jina, maana gazeti zima lilikuwa na mmoja tu. Huyo aliitwa Atuganile, na saa hiyo alikuwa kwenye kona yake, miguu juu ya sanduku la betri, anacheza Jaza kwenye simu.

Tuseme ukweli, Jaza ilikuwa imemkaa kichwani. Alicheza kwenye foleni ya benki, alicheza msalani, alicheza hata kanisani wakati wa matangazo, simu ameifichia ndani ya kitabu cha nyimbo. Mchezo wenyewe haukuwa na makuu. Simu inakuonyesha kipande cha picha, kidogo kama stempu, chenye tundu katikati. Chini yake yapo majibu manne, nawe una sekunde tatu kuchagua kinachofaa kuziba tundu. Ukichagua walichochagua wengi, unapata pointi. Ukichagua cha peke yako, huna chako. Mchezaji mzuri, kwa hiyo, hasumbuki kutafuta kilichokuwepo. Anakisia wenzake watasema nini. Vipande vilitoka wapi, hakuna aliyejua wala aliyeuliza. Atuganile alikuwa wa kumi na mbili nchi nzima, na alijivunia hilo kuliko tuzo zake zote za kazi.

Aliweka simu kando, akashusha miguu, akaamkia. Mama aliitikia, akasema yeye ni Mama Sekela, mkewe Seule Nzowa, yule wa kwenye picha ya mnada wa viazi. Mumewe alikuwa mahabusu siku ya tisa sasa, na hukumu ingesomwa leo hii saa nane mchana. Alisema hayo taratibu, kama mtu aliyeyarudia sana njiani. Kisha aliulaza mwavuli juu ya meza, katikati ya nyaya na vikombe.

“Mwanangu, huu unaujua?”

Atuganile aliujua. Mwavuli wa njano, ubavu mmoja umefungwa kwa waya wa shaba, mpini wa mti uliopinda kama mundu. Jumanne ya wiki iliyopita ukungu ulikuwa umeshuka mnadani hadi huoni gunia la tatu mbele yako, na manyunyu yalikuwa yanaingia kwenye lenzi. Mzee mmoja ambaye bado hakumfahamu alimsogelea bila kuombwa, akafungua mwavuli juu ya kamera na kuushikilia hivyo kwa karibu robo saa, huku bega lake mwenyewe linalowana. Watu walipoanza kugombana pale kwenye mizani, mzee aliukunja, akaingia kwenye fujo kuamulia. Atuganile alimpiga picha akiwa anaingia. Dakika chache baadaye mlinzi wa mizani alitolewa amekatwa begani.

“Mume wangu anasema ulikuwa hatua sita kutoka kwake,” Mama Sekela alisema. “Anasema yule dada wa kamera aliona. Basi nimekuja kwa aliyeona.”

Atuganile alitazama ukutani, ambako ukurasa wa mbele wa Jumatano ulikuwa bado umebandikwa. Picha ilikuwa yake, na jina lake lilikuwa chini yake. Ndani yake Seule Nzowa alikuwa anauingia umati, mkono wa kulia juu, na kwenye mkono huo palikuwa na mundu. Alipouona mara ya kwanza alishtuka, kisha akajiambia kwamba ukungu ulikuwa mzito na macho yake yamezeeka. Aliiamini picha akayaacha macho. Ndivyo alivyozoea, na ndivyo nchi nzima ilivyozoea.

*

Kamera ya kazi ilikuwa nyepesi kama kipande cha sabuni ya kufulia. Atuganile alianza kazi na zile za zamani, nzito, za kukuachia alama shingoni, zilizokurudisha ofisini na ulichobahatika kukipata: visogo vya watu, mkono uliokatwa, waziri amefumba macho. Wahariri walifoka, nawe uliomba radhi. Hizi mpya hazikumwaibisha mtu. Ulibonyeza, na kile ulichopiga kilikwenda Hifadhi ya Picha, na baada ya muda wa kunywa chai kilirudi kikiwa kamili. Ukungu uliondolewa. Mkono uliofichwa ulionekana. Aliyekupa kisogo, uso wake ulikuwepo. Iliitwa Picha Kamili, na watu waliambiwa kwamba mitambo hupiga hesabu za mwanga na kivuli hadi ijue kilichofichika.

Sheria nayo iliipenda. Kifungu cha nane kilisema maneno ya shahidi, awe mmoja au mia, hayatoshi kuipinga Picha Kamili. Picha itapingwa kwa picha. Kesi zilikwisha kwa siku kumi badala ya miaka mitatu, na watu walishangilia. Atuganile alikuwa mmoja wa walioshangilia.

Alimwomba Mama Sekela akae, akamwagizia chai, akaivuta picha kwenye kioo kikubwa cha mezani na kuikuza. Alitaka tu aonekane amefanya jambo. Aliukuza mkono hadi ukajaza kioo kizima. Kidole gumba cha Seule kilikuwa kimezungushiwa utepe wa bluu, ule wa mafundi umeme, labda kwa kuziba jeraha. Kucha ilikuwa imepasuka katikati.

Kidole hicho alikwisha kukiona, na si mnadani, kwa sababu mnadani mzee alikuwa amevaa glavu za sufi hadi alipoukunja mwavuli. Atuganile aliichukua simu, akafungua Jaza, akaenda kwenye orodha ya vipande alivyokwisha kucheza. Akarudi nyuma hadi Jumanne, saa tatu na dakika arobaini, muda aliokuwa kantini na chapati mkononi, akisubiri picha irudi kutoka Hifadhi.

Kilikuwepo. Kipande kidogo kama stempu, utepe wa bluu, kucha iliyopasuka, na tundu la ukungu pale mkono unapoishia kwenye kitu kilichopinda. Majibu manne: mundu, mwavuli, fimbo, bomba. Chini yake palikuwa na maandishi ya kijani ya kumpongeza. Wewe: mundu. Wenzako elfu nane na mia mbili: mundu. Pointi arobaini.

Atuganile alisikia kijiko cha Mama Sekela kikigonga kikombe. Mwavuli ulikuwa kwenye majibu. Alikuwa ametoka chini ya mwavuli wenyewe, nywele zake bado zimekauka kwa hisani yake, na alipewa sekunde tatu achague, akachagua mundu. Hakuchagua kwa chuki, wala hakujua ni picha yake. Alichagua mundu kwa sababu mikono iliyoinuliwa, kwenye Jaza, huwa na mundu, na kila mchezaji anajua hilo.

Kumbe huko Hifadhi hapakuwa na mitambo inayopiga hesabu za mwanga. Palikuwa na watu kwenye foleni za benki.

“Umeona kitu, mwanangu?” Mama Sekela aliuliza.

“Nimejiona mwenyewe, mama,” alijibu.

*

Sasa ipo tabia moja ya Atuganile ambayo chumba kizima cha habari kiliicheka. Tangu enzi za kamera nzito, kila akimaliza tukio aliandika kwa kalamu kwenye kiganja cha kushoto majina ya watu, mahali, na neno lolote asilotaka kulisahau, kisha akakipiga picha kiganja hicho. Wenzake walimwita Daftari la Nyama. Kamera mpya haikujua la kufanya na viganja, ikavihesabu kuwa taka. Haikuvipeleka Hifadhi, haikuvijaza, haikuvifuta. Ilivirundika tu, mwaka baada ya mwaka, sehemu ambayo hakuna aliyeifungua.

Aliifungua. Kiganja cha Jumanne kilikuwa cha mwisho kabla ya kile cha harusi ya Jumamosi. Mwandiko wake mwenyewe, wino umechuruzika kwa manyunyu: *Mnada. Seule Nzowa. Kashika mwavuli, kaenda kuamulia.* Na nyuma ya vidole vyake, pembeni kabisa, Seule mwenyewe ametoka kwenye fujo, mwavuli wa njano umekunjwa mkononi.

Hiyo ilikuwa picha ya kuipinga picha. Aliinuka na kamera yake, akaenda kwa mhariri.

Asajile alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye tabia ya kupangusa miwani hata ikiwa safi, na walifanya kazi pamoja miaka kumi na minane. Alipoambiwa kuhusu Jaza hakushangaa kama alivyopaswa. Alikiri kwamba wahariri walikuwa na wasiwasi kidogo, kwamba waliwahi kuulizana kwenye mkutano fulani na kujibiwa kwa maneno mengi, wakaona heri wasiulize tena. Kisha aliuliza kama kiganja hicho kimoja kinaweza kuchomolewa na kupelekwa peke yake.

Haikuwezekana, naye alijua. Kumbukumbu ya kamera ya habari ilifungwa kwa lakiri kiwandani ili mtu asiguse ushahidi. Ukiipeleka mahakamani unaipeleka nzima, na kila kilichomo husomwa na kuingizwa kwenye kumbukumbu. Ungeweza kuifuta yote kwa mara moja, au kuiacha yote. Kumega hakukuwepo.

“Basi unapeleka na daraja,” Asajile alisema.

Atuganile alikuwa amelikwepa neno hilo tangu alipokiona kile kipande kwenye Jaza. Miaka sita nyuma, alfajiri ya ukungu, alipita kwenye daraja la mto Ikolela lililokuwa linajengwa, akapiga picha watu watatu wakipakia nondo za daraja kwenye lori, wakiziondoa. Wawili walikuwa vibarua. Wa tatu, aliyekuwa akiwaamuru, Picha Kamili ilimwonyesha wazi kuwa ni Kyando, mkandarasi. Miezi miwili baada ya kufunguliwa, daraja lilikatika. Walikufa watu kumi na wanne, na mmoja wao alikuwa Lusekelo, binti yake Asajile, aliyekuwa anarudi likizo. Kyando alifungwa miaka thelathini. Alilia kizimbani akisema hakuwepo, na Atuganile aliposimamishwa kama shahidi alimtazama usoni, akaapa kwamba alimwona.

“Daraja ni jambo lingine,” alisema. “Kyando nilimwona kwa macho yangu, kaka. Ngoja nikuonyeshe.”

Aliteleza kwenye viganja kurudi nyuma miaka sita, haraka, kwa hakika ya mtu anayekwenda kuchukua kitu alichokiweka mwenyewe. Alikipata. Akakisoma. Akakisoma tena, kisha akageuza kiganja chake cha kushoto, kile cha nyama, akakitazama kama kingeweza kumweleza.

*Ikolela, saa 12. Vibarua wawili. Wa tatu kajifunika kofia ya koti. Sura sikuona.*

Hakuwa amesema uongo kizimbani, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Aliapa akiamini. Picha ilirudi na sura, sura ikaingia kichwani mwake, ikakaa, ikamfukuza yule mtu wa kofia, na miaka sita yote alikuwa akiikumbuka alfajiri ambayo haikutokea. Alijaribu hata sasa kumwona yule mtu wa kofia. Alimwona Kyando.

Asajile alikuwa ameutazama uso wake tu. Alipomsogezea kamera, mhariri aligeukia dirishani.

“Sitaki kuona kilichoandikwa,” alisema. “Atu, dada yangu, nakuomba. Kila siku naamka kwa sababu najua yule mtu yuko ndani. Huyu mzee wa viazi tutamtafutia wakili, tutaandika, tutapiga kelele. Atatoka hata kama ni mwaka kesho. Lakini usimfungulie yule. Futa.”

Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo sana. Kwenye kamera kilikuwepo kitufe cha kufuta chote, kwa pembeni, na Atuganile aligundua kwamba kidole chake kilikuwa tayari kimekaa juu yake. Alifikiria mwaka mmoja wa Seule. Alifikiria kiapo chake, na kinachowapata wanaoapa vibaya. Alimfikiria Lusekelo, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumpiga picha ya kipaimara, na akatamani kwa moyo wote kubonyeza. Kisha alifikiria kwamba sekunde tatu zilikwisha kupita zamani, na bado alikuwa anatafuta jibu ambalo wengi wangelichagua.

Alikiondoa kidole. Alimgusa Asajile bega, akatoka, akamwambia Mama Sekela wachukue mwavuli waende.

*

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua, aliyetaka kumaliza mapema. Aliposikia kwamba kuna picha ya kupinga aliinua uso, maana mahakama yake haikuwahi kuletewa. Alimwonya Atuganile kwamba kamera ikifunguliwa itasomwa nzima, kuanzia ya kwanza. Atuganile alisema anajua. Seule alikuwa kizimbani, amekonda, utepe wa bluu bado uko kidoleni. Alipouona mwavuli wake mikononi mwa mkewe alitabasamu kidogo, kwa aibu.

Karani alisoma viganja kimoja kimoja kwa sauti ya kuchoka. *Askofu, mkewe uliza jina tena.* Watu wakacheka. *Mbunge, suruali imechanika, usichapishe.* Wakacheka zaidi, na hakimu mwenyewe akajifanya anapenga kamasi. Kwenye benchi la nyuma simu ya mtu ilitoa ule mlio mdogo wa Jaza, wa kushinda. Atuganile aligeuka. Karibu na mlango, amesimama ingawa nafasi zilikuwepo, alikuwepo Asajile.

Karani aliendelea. Hakujua anachokisoma. Alikisoma kama alivyosoma suruali ya mbunge.

“Ikolela, saa kumi na mbili. Vibarua wawili. Wa tatu kajifunika kofia ya koti. Sura sikuona.”

Hakimu aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Alimuuliza Atuganile kama mwandiko ni wake, na kama ni yeye yule shahidi wa kesi ya Kyando. Alijibu ndiyo mara mbili. Hakimu aliandika muda mrefu, akamwambia asiondoke mjini, kwamba ataitwa, kisha akamwamuru karani aendelee, kwa sababu kesi iliyo mbele yake ni ya viazi.

Ilichukua karibu saa nzima kufika kwenye mwavuli. Seule Nzowa aliachiwa saa kumi kasoro. Hakushangilia. Alishuka kizimbani, akamfuata Atuganile, akamshika mikono yote miwili na kumshukuru kwa kuona. Atuganile alitaka kumwambia kuhusu pointi arobaini. Alifungua kinywa, na alipomtazama mzee usoni akasema yote, pale pale, kwa maneno machache: mchezo, sekunde tatu, mundu. Seule aliendelea kumshika mikono kwa muda, kisha akaiachia taratibu. Mama Sekela akamtwaa mumewe wakaondoka, na hawakugeuka nyuma.

Asajile alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, miwani mkononi, haipangusi. Atuganile alikaa ngazi moja chini yake, kamera imebaki ndani kuwa kielelezo, mikono haijui ishike nini. Alingoja alaumiwe. Alikuwa tayari kwa hilo.

“Kuna mtu alizichukua zile nondo,” Asajile alisema. “Miaka sita yuko huku nje na sisi. Labda nimemsalimia.” Aliitazama miwani mkononi. “Kama si Kyando, ni nani?”

“Sijui, kaka,” Atuganile alisema. “Sikumwona.”

Asajile aliinama, akaweka paji la uso juu ya magoti. Atuganile alitoa kalamu mfukoni, akaandika swali la Asajile kwenye kiganja chake cha kushoto, herufi moja moja, akabaki nacho wazi pajani kwa sababu hapakuwa na kamera ya kukipiga.